Paka hufunzika, lakini si kwa kiboko

Watu wengi wa mjini humfuga paka kwa sababu moja tu: panya. Anapoletwa nyumbani hufungiwa jikoni usiku wa kwanza, akapewa maziwa kidogo kwenye kisahani, kisha hutazamiwa ajue mwenyewe mahali pa kwenda haja, mahali pa kulala na vitu asivyopaswa kugusa. Akikosea huchapwa kwa ndara au humwagiwa maji. Akikosea tena hutiwa ndani ya gunia na kwenda kutupwa sokoni. Wenyewe husema kwamba mbwa hufunzika, lakini paka ana kiburi. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Maoni hayo si ya kweli. Paka hufunzika, tena hufunzika vizuri, mradi mwalimu wake awe na mambo mawili: subira na zawadi ndogo inayotolewa kwa wakati wake. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya hivyo katika nyumba ya kawaida ya mjini, hata ikiwa ni chumba kimoja katika gorofa ya nne.

Linahusu nini afya?

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini daktari wa binadamu ajitie katika mambo ya paka. Sababu ni kwamba paka asiyefunzwa, na hasa paka aliyefunzwa kwa kupigwa, huacha alama zake kwenye ngozi ya watu. Mara nyingi ngozi hiyo ni ya mtoto.

Meno ya paka ni membamba na makali mithili ya sindano. Akiuma, hutoboa ngozi na kuingiza bakteria ndani kabisa, kisha tundu hujifunga juu na kuonekana dogo lisilo na maana. Bakteria mmojawapo aitwaye Pasteurella multocida huishi midomoni mwa paka wengi walio wazima kabisa. Katika muda wa saa 12 hadi 24 mkono huweza kuvimba, kuwa mwekundu na kuuma sana. Iwapo jino limefika kwenye kiungo au kwenye mshipa wa kukunjia kidole, usaha unaweza kukiacha kidole kikiwa kigumu maisha yote.

Ukucha nao una yake. Kuna ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Bartonella henselae, ambaye alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bakteria huyu huenezwa baina ya paka kwa viroboto, na kinyesi cha viroboto hao hunasa kwenye kucha. Mtu akikwaruzwa, baada ya wiki moja hadi tatu tezi za kwapani au shingoni huvimba na homa ikamshika. Wengi hupona wenyewe, lakini kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua ugonjwa huu unaweza kuwa mzito.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata paka pia, na paka akakipitisha kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Ni kweli kwamba karibu wote huumwa na mbwa. Walakini, dalili zikishajitokeza hakuna dawa ya kumponya mgonjwa, na kwa hiyo hakuna anayeweza kulidharau jino la paka asiyechanjwa.

La mwisho ni kinyesi. Paka aliyekula panya au nyama mbichi yenye vimelea vya toksoplasma huweza kutoa vijiyai vya vimelea hivyo katika kinyesi chake kwa wiki moja hadi tatu. Vijiyai hivyo havina madhara vinapotoka. Huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mwanamke mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika macho au ubongo.

Ukitazama hesabu hiyo ya siku utaona kwamba paka anayejisaidia mahali pamoja, panaposafishwa kila siku, ni salama kuliko yule anayejificha nyuma ya kochi au kwenye bustani ya sukuma wiki. Kwa hivyo kumfunza paka si anasa ya matajiri. Ni njia mojawapo ya kuzuia magonjwa nyumbani.

Paka ni mnyama wa namna gani?

Ili kumfunza mnyama ni lazima kwanza umjue. Mbwa alitokana na mbwa-mwitu, mnyama awindaye kwa kundi na ambaye maisha yake yote hutazama wenzake wanafanya nini. Paka wa nyumbani alitokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye huwinda peke yake. Aliwasogelea binadamu yapata miaka 10,000 iliyopita, walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya wakaja, na yeye akawafuata panya. Mwaka wa 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba huko Cyprus walikuta mifupa ya paka iliyozikwa kando ya mtu katika kaburi la miaka ipatayo 9,500.

Hapa kwetu pia paka ana historia yake. Mjini Lamu huwezi kupita kichochoro bila kumkuta. Na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, walipatikana paka wenye mabaka kama ganda la mti ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Mwaka wa 1978 Bi Jeni Slater aliwachukua vitoto vya paka hao na kuwalea. Baadaye wengine walipelekwa Denmark, na leo paka wa Sokoke hufugwa ng'ambo kama aina yenye jina lake.

Kutokana na asili hiyo, paka hajaumbwa kumtii kiongozi. Ukimwamuru, hakuelewi, ukimpiga, hafikiri kwamba amekosea, bali hufikiri kwamba wewe ni hatari. Walakini ana akili ya kutambua haraka jambo linalomletea faida. Swali lake daima ni moja: nikifanya hivi, napata nini? Mfunzaji mwenye busara hulijibu swali hilo kwa kipande cha samaki.

Sayansi inasemaje?

Ujuzi huu ulianza na paka wenyewe. Mwaka wa 1898 Edward Thorndike, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alichapisha majaribio ambamo aliwafungia paka wenye njaa ndani ya vizimba vya mbao. Nje aliweka chakula. Mlango ulifunguka pale tu paka alipovuta kitanzi au kukanyaga kibao fulani. Mara ya kwanza paka alihangaika huku na huku, akakwaruza kila mahali, hadi akafungua kwa bahati. Alipofungiwa tena alitumia muda mfupi zaidi, na tena mfupi zaidi, mpaka mwishowe alikwenda moja kwa moja kwenye kitanzi. Thorndike akakata shauri kwamba tendo linalofuatwa na jambo la kuridhisha hurudiwa, na lile lisiloleta chochote hufifia. Wataalamu waliofuata, akiwemo B. F. Skinner, waliijenga elimu nzima juu ya msingi huo.

Siku hizi majaribio yanafanywa kwa upole zaidi. Mwaka wa 2017 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafunza paka 100 waliokuwa katika makao ya paka wasio na wenyewe. Kila paka alipewa masomo 15 ya dakika tano tano kwa muda wa wiki mbili. Karibu wanane katika kila kumi walijifunza kugusa kitu kwa pua walipotakiwa, na wengine wakajifunza kuzunguka na kuketi. Hawa walikuwa paka wakubwa, si vitoto, na hawakuwa wamelelewa kwa kazi hiyo. Nchini Japani, utafiti uliotangazwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba paka huweza kulitofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo. Kwa hiyo paka akikuacha uite na asije, yamkini amekusikia vizuri sana, ila haoni sababu ya kuinuka.

Kosa la mlango

Kisa kimoja kitaonyesha jinsi kiboko kinavyopotosha mambo. Mama mmoja alimleta zahanati mwanawe wa miaka sita, mkono wa kulia umefungwa leso. Mtoto alikuwa ameingia chini ya kitanda kumvuta paka, akakwaruzwa hadi kwenye kiwiko na kuumwa kidole gumba.

"Daktari, huyo paka nimemtandika mpaka nimechoka," mama alisema. "Anajisaidia nyuma ya kochi kila usiku. Namchukua namsugua pua palepale, lakini wapi! Sasa ameanza kukaa chini ya kitanda mchana kutwa, na akiguswa anakuwa kama chui."

"Pole sana, mama. Na sanduku lake la mchanga liko wapi?"

"Liko nje, verandani. Mchana analitumia vizuri tu."

"Na mlango wa veranda mnaufunga saa ngapi?"

"Saa moja jioni, daktari. Wezi."

"Basi usiku aende wapi?"

Mama alinyamaza kidogo, kisha akajishika shavu na kucheka. Paka yule alikuwa amechapwa wiki nzima kwa kosa la mlango.

Mtoto alioshwa jeraha, akapewa dawa ya kuua bakteria, na kwa kuwa paka hakuwa na chanjo yoyote, mtoto alianzishwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Mama naye aliagizwa aweke beseni la mchanga ndani, pembeni mwa bafu, aache kumpiga paka, na ampe omena mmoja kila anapolitumia. Alipomrudisha mtoto kwa sindano ya mwisho aliarifu kwamba nyuma ya kochi palikuwa pakavu na paka alikuwa ameanza kutoka chini ya kitanda mwenyewe.

Kuna funzo hapo. Adhabu haikumwambia paka aende wapi. Ilimwambia tu kwamba mama huyu ni wa kuogopwa, na hofu hiyo ndiyo iliyoumiza mkono wa mtoto. Aidha, kumpiga mnyama kikatili ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Kanuni nne za kufuata

Kwanza, zawadi itolewe papo hapo. Paka akifanya jambo jema, apate kitoweo chake katika nukta moja au mbili. Ukienda jikoni kutafuta na kurudi baada ya dakika nzima, atadhani amepewa kwa sababu ya kukutazama ukirudi.

Pili, zawadi iwe ndogo. Kipande cha kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi, chenye ukubwa wa punje ya ndengu, kinatosha. Omena mmoja mkavu anaweza kukatwa vipande vitatu. Kwa siku nzima zawadi zote zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake, ama sivyo atanenepa kupita kiasi.

Tatu, somo liwe fupi. Dakika tatu hadi tano, mara moja au mbili kwa siku, kabla ya mlo wake anapokuwa na hamu. Akigeuza uso na kuanza kujilamba, darasa limekwisha. Usimlazimishe.

Nne, nyumba nzima iwe na sheria moja. Baba akimfukuza paka mezani na watoto wakamrushia nyama chini ya meza hiyo hiyo, paka atajifunza kurudi mezani. Kila anayeishi humo, pamoja na msaidizi wa nyumbani, aelezwe.

Wafunzaji wengi hutumia pia mlio mfupi wa kuonyesha kwamba zawadi inakuja. Huhitaji kununua chombo. Kalamu ya kubonyeza inatosha. Kwa siku mbili au tatu, bonyeza kalamu kisha toa kitoweo palepale, mara kumi hivi, bila kumtaka afanye chochote. Akishaanza kukutazama kila asikiapo mlio, unaweza kuutumia kumwambia "hivyo hasa" wakati ule ule anapofanya vizuri.

Masomo matano ya nyumbani

Jina. Chagua jina fupi. Simama hatua mbili kutoka alipo, mwite mara moja tu, na akikusogelea mpe kitoweo. Ongeza umbali siku hadi siku, mpaka akujie kutoka chumba kingine. Usimwite kamwe kwa jina hilo unapotaka kumwosha au kumpa dawa, nenda ukamchukue. Jina liwe habari njema kila mara.

Mchanga. Chukua beseni kuukuu pana, utie mchanga mkavu uliochekechwa au unga wa mbao, kina cha vidole viwili au vitatu. Liweke mahali patulivu pasipopitwa sana, mbali na chakula chake, na pasipofungwa usiku. Mpeleke kitoto cha paka hapo baada ya kula na baada ya kuamka. Akichakura na kumaliza, mpe zawadi. Akikosea mahali, safisha kwa sabuni na maji mengi ili harufu isibaki, kisha unyamaze. Usitumie dawa yenye amonia, kwani hunuka kama mkojo na humwita arudi. Ukiwa na paka wawili, weka mabeseni matatu.

Kinyesi kiondolewe kila siku, kifungwe katika gazeti kuukuu na kutiwa pipani. Kisimwagwe kwenye mboga. Mama mjamzito hana haja ya kumtupa paka. Amwachie mtu mwingine kazi hiyo, na ikiwa hana wa kumsaidia avae glavu na kunawa kwa sabuni. Hali kadhalika aive nyama yake vizuri na aoshe mboga, kwa maana wengi hupata toksoplasma kwa chakula kuliko kwa paka wao.

Kucha. Paka hukwaruza ili kunoa kucha, kunyoosha mgongo na kuweka alama yake. Hutaweza kulizuia jambo hilo, ila unaweza kulihamisha. Zungushia kamba ya mkonge kwenye kipande cha gogo au ubao ulio imara, urefu wa mita moja hivi ili ajinyooshe, ukisimamishe karibu na kochi analolipenda. Lifunike kochi kwa blanketi nzito kwa wiki chache. Kila akikwaruza kamba, mpe zawadi. Akishazoea, sogeza ubao kidogo kidogo hadi mahali unapopataka.

Kikapu. Paka wengi huona kikapu mara moja tu kwa mwaka, siku ya sindano, na ndiyo maana wakikiona hukimbia, na anayewakamata huchanwa mikono. Kiache kikapu sebuleni wazi, kitambaa laini ndani. Mtilie chakula karibu nacho, kisha mlangoni, kisha ndani. Baadaye funga kifuniko kwa nukta chache, mpe kitoweo, ufungue. Hatimaye mbebe hadi mlangoni na kumrudisha. Huenda ikachukua wiki kadhaa. Mwaka wa 2018 watafiti wa chuo kikuu cha utabibu wa wanyama mjini Vienna walionyesha kwamba paka waliozoezwa hivyo walikuwa na wasiwasi mdogo safarini, na uchunguzi wao kwa daktari ukawa mfupi zaidi.

Mchezo. Mtoto wa paka akizoezwa kucheza na vidole, atakapokuwa mkubwa vidole vitakuwa windo lake. Cheza naye kwa uzi wenye unyoya mwishoni au karatasi iliyokunjwa. Akiuma mkono, usiuvute kwa ghafla wala usipige kelele. Tulia kabisa, mchezo ukome, uondoke. Atagundua kwamba kuuma humaliza raha. Uzi nao uwekwe kabatini baada ya mchezo, kwa maana akiumeza unaweza kuziba utumbo.

Watoto nao wafunzwe

Samaki mkunje angali mbichi, na hili linamhusu mtoto wa binadamu kama linavyomhusu mtoto wa paka. Paka mdogo huzoea watu kwa urahisi zaidi akiwa na umri wa wiki mbili hadi saba, kwa hiyo ni vyema ashikwe kwa upole na watu mbalimbali wakati huo, angali na mama yake. Asitengwe na mama kabla ya wiki nane.

Mtoto wako naye afunzwe mambo haya: asimvute paka mkia, asimfuate alikojificha, asimguse anapokula, anapolala au anaponyonyesha, na anawe mikono baada ya kucheza naye. Mfundishe pia kusoma dalili. Paka anayelaza masikio nyuma, anayepiga mkia huku na huku, au ambaye ngozi ya mgongo inamtetemeka anasema "basi". Asiyesikia neno hilo hujibiwa kwa ukucha. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe na paka bila mtu mzima.

Nyumba yenye mtoto mwenye pumu inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mate na ngozi ya paka huweza kuchochea shambulio. Mfunze paka kulala katika kikapu chake nje ya chumba cha mtoto, na ikiwa mtoto hubanwa kifua kila akimkaribia, zungumza na daktari wake.

Chakula kisichofaa

Katika kutafuta zawadi, jihadhari. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wetu wa kawaida haumfai. Chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikachoma utumbo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ni bora. Na kamwe usimpe paka dawa ya paracetamol kwa kumwonea huruma. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Mafunzo yanaposhindwa

Paka aliyekuwa safi na ghafla akaanza kujisaidia ovyo, si mkaidi. Huenda ni mgonjwa. Paka dume anayechutama mara kwa mara bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani njia ikiwa imeziba anaweza kufa kwa muda mfupi. Dume anayerusha mkojo ukutani mara nyingi hutulia akihasiwa. Paka jike naye akifungwa kizazi, nyumba huepukana na vitoto visivyo na pa kwenda.

Mpeleke pia kwa chanjo ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu, na irudiwe kwa wakati ambao daktari ataandika kwenye kadi yake. Kwa wakazi wa Nairobi, Kitivo cha Utabibu wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete kina kliniki ya wanyama wadogo, na chama cha KSPCA huwashughulikia wanyama walioteswa au kutupwa. Kwingineko, ofisi ya mifugo ya kaunti itakuelekeza.

Ukiumwa au kukwaruzwa

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka mferejini kwa dakika 15 kamili. Utazame saa, kwa kuwa wengi huosha dakika moja wakadhani zimetimia. Usipake majani ya chai, pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Tia dawa ya kuua viini kama ayodini ikiwa unayo, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa kila jeraha la jino, na kwa kila mkwaruzo uliotoa damu. Mwambie daktari kama paka amechanjwa, na kama umewahi kupata sindano ya pepopunda.

Iwapo paka anajulikana, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10; akibaki mzima, sindano zilizosalia zinaweza kusimamishwa kwa ushauri wa daktari. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze matibabu, na usiache sindano katikati kwa sababu tu jeraha limefunga.

Msomaji aliye na paka nyumbani anaweza kuanza jioni ya leo. Atenge vipande kumi vya kitoweo kwenye kisahani kabla ya mlo wa paka, amwite jina lake mara moja, na angoje. Asipokuja leo, ajaribu kesho saa ile ile. Paka hana haraka, na anayemfunza naye asiwe na haraka.